Kuchagua bunduki ya kupulizia rangi bampa na vipande vya gari nyumbani

Anayetaka kupulizia rangi bampa au mlango nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuulizia bunduki. Aanze na kompresa. Bunduki ya hali ya juu ikikosa hewa hutema matone na kuacha uso wenye vijishimo kama ganda la chungwa. Bunduki ya wastani ikipata hewa kavu ya kutosha, na nozeli (tundu la kutolea rangi) inayolingana na rangi, hutoa kazi isiyo na lawama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uamuzi wako inafanyika kabla hujashika bunduki yoyote mkononi.

Hata kabla ya kompresa, itazame kazi yenyewe. Kwa kifuniko kimoja cha saitimira au kishikio cha mlango, mkebe wa kupulizia wa ml 400 unatosha. Ipo mikebe ya klia (rangi angavu ya juu inayong'aa) iliyowekewa hadina (kigandishi) ndani: unabonyeza pini ya chini ya mkebe, unatikisa vizuri, kisha unaimaliza siku hiyohiyo, maana ikishachanganyika itaganda humohumo. Mkebe huanza kushindwa kwenye vipande vikubwa. Mpulizo wake ni mwembamba, presha hushuka kadiri mkebe unavyopoa, na rangi ya metaliki hutoka na mistari ya giza na mwanga. Ukiwa na bampa zima, boneti au milango miwili, bunduki inastahili gharama yake.

Pima hewa inayotoka kwenye kompresa

Kompresa nyingi hubandikwa namba moja kubwa ya lita kwa dakika. Mara nyingi hiyo ni hewa inayovutwa na pampu, wala si ile inayofika kwenye mpira wa hewa. Inayotoka huwa pungufu kwa theluthi moja au zaidi. Badala ya kuamini kibandiko, pima mwenyewe:

1. Toa maji yote chini ya tangi, funga njia ya kutolea hewa, kisha washa kompresa.
2. Geji ikifika bari 4, anza kuhesabu sekunde. Ikifika bari 7, simamisha saa.
3. Zidisha ujazo wa tangi kwa 3, ambayo ndiyo tofauti ya bari. Zidisha tena kwa 60, kisha gawanya kwa sekunde ulizohesabu.

Tangi la lita 50 likichukua sekunde 75 kutoka bari 4 hadi 7, hesabu ni 50 × 3 × 60 ÷ 75, yaani lita 120 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Kompresa ndogo za nyumbani zenye tangi la lita 24 au 50 nyingi huangukia kati ya lita 100 na 150.

Sasa linganisha na mahitaji ya bunduki. Bunduki ndogo, zile za kikombe cha ml 125 hadi 250, hula kati ya lita 85 na 150 kwa dakika. Bunduki za LVLP, zinazotumia hewa kidogo kwa presha ndogo, hula lita 100 hadi 200. Bunduki kubwa za HVLP, ambazo presha yake ni ndogo lakini hewa yake ni nyingi, hula kati ya lita 280 na 430. Namba hii huandikwa kwenye boksi au karatasi ya maelezo. Ikiwa imeandikwa kwa futi za ujazo, zidisha kwa 28 upate lita. Bunduki isiyoandikwa kiasi cha hewa inachokula iache hukohuko dukani, hata kama inang'aa kama kioo.

Kwa nini hesabu hii ni muhimu hivyo? Chukua kompresa ile ya lita 120 na tangi la lita 50, uifungie bunduki ya lita 300. Upungufu ni lita 180 kila dakika, na unafidiwa na akiba ya tangi. Kushuka kutoka bari 8 hadi bari 4 kunatoa 50 × 4, yaani lita 200. Akiba hiyo inaisha baada ya sekunde 67 hivi za kuvuta triga mfululizo. Chini ya bari 4, mpira na viungio vikishakula sehemu yake, bunduki ya nguvu hiyo inaanza kunyimwa hewa. Kwa kifuniko cha saitimira, sekunde 67 ni nyingi mno. Kwa boneti, rangi itabadilika sura katikati ya kipande: upande wa kwanza laini, wa pili wenye matone.

Ili usilazimike kusubiri kabisa, kompresa itoe angalau mara 1.2 ya mahitaji ya bunduki, na mara 1.5 ndiyo raha kamili. Asiyeifikia namba hiyo bado ana njia. Vipande vilivyofunguliwa kwenye gari vina faida hii: unapulizia kimoja, unasubiri tangi lijae, unahamia kingine. Ila kompresa ndogo hazikuumbwa kukimbia bila kupumzika. Zikichemka hutoa hewa ya moto iliyobeba maji, na maji hayo utayakuta ndani ya klia.

Kuongeza tangi la pili kunaongeza muda wa akiba tu. Pampu itabaki na nguvu yake ileile. Watu wengi hununua tangi kubwa wakidhani wamenunua kompresa kubwa.

Mpira, viungio na maji

Kompresa nzuri huweza kunyongwa na mpira mwembamba. Tumia mpira wenye tundu la ndani la mm 8 au 10, usiozidi mita 10. Mipira iliyojisokota yenye tundu la mm 5 au 6 inafaa kujazia tairi upepo, si kupulizia rangi. Viungio vya kuchomeka haraka navyo hubana: chagua vya njia pana, na usipange vitatu vinne kwenye mstari mmoja.

Funga regyuleta (kirekebisha presha) yenye geji kwenye mkono wa bunduki, kisha soma presha ukiwa umevuta triga. Geji inayoonyesha bari 2 hewa ikiwa imetulia inaweza kushuka hadi 1.3 hewa ikianza kupita, na hiyo ya pili ndiyo inayopasua rangi.

Kichujio cha maji usikifunge kwenye mdomo wa kompresa. Hewa hapo bado ina joto na maji yake ni mvuke, kwa hiyo inapita tu na kugeuka matone mbele ya safari. Kiweke mbali, mwisho wa bomba la chuma au mwisho wa mpira wa kwanza, hewa ikishapoa, kisha endelea na mpira mwingine hadi kwenye bunduki. Na kama mpira uliwahi kutumika na vifaa vinavyotiwa mafuta, nunua mwingine kwa ajili ya rangi. Tone dogo la mafuta linatosha kuifanya klia ikimbie na kuacha vishimo vya duara, na hakuna kupulizia tena juu yake kutakakovifuta. Itabidi usubiri ikauke, upige msasa, urudie.

Aina za bunduki

Bunduki za kizamani za presha kubwa, bari 3 hadi 4, hupasua rangi vizuri sana, lakini kiasi kikubwa huruka pembeni badala ya kukaa kwenye kipande. Nyumbani hiyo maana yake ni ukungu wa rangi juu ya kila kitu kilicho karibu, na rangi zaidi kwenye bili yako.

HVLP inatoa hewa kwenye kofia ya hewa, iliyo mdomoni mwa bunduki, kwa presha isiyozidi bari 0.7, na rangi inayofika kwenye kipande ni asilimia 65 au zaidi. Kwenye mkono wa bunduki, nyingi huhitaji bari 1.8 hadi 2. Ni chaguo zuri kwa mwenye kompresa kubwa. Mwenye kompresa ndogo anaponunua HVLP kubwa kwa sababu jina lake linasifiwa, anajitafutia taabu.

LVLP ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Mpulizo wake ni mfupi kidogo na unasogea polepole zaidi, jambo ambalo kwenye paa la gari linachosha, lakini kwenye bampa au madigadi hulihisi. Pembeni yake bunduki ndogo ya mm 0.8 au 1.0 ina kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani: saitimira, grili, kingo za ndani za milango, na viraka.

Zipo pia za umeme. Zile za mkononi zenye pampu ndani na nozeli ya mm 1.8 hadi 2.6 zilitengenezwa kwa kuta na uzio. Matone yake ni makubwa mno kwa gari. Zenye tabo ya hewa (feni ya kasi inayosukuma hewa) iliyotenganishwa na bunduki kwa mpira mnene ni jambo jingine. Ikiwa na hatua 3 au zaidi za tabo, yaani feni zilizopangwa mfululizo, inaweza kutoa klia nzuri, na hewa yake ni kavu na haina mafuta. Ni ya uvuguvugu pia, kwa hiyo chagua thina inayokauka polepole kidogo.

Kuhusu kikombe, chukua cha juu. Rangi inashuka yenyewe, presha inayohitajika ni ndogo, na mabaki ni machache. Kikombe cha chini kinahitaji hewa ya kuivuta rangi, kinaacha mabaki ambayo mrija haufikii, na kinagonga kipande unapoinama. Ujazo wa ml 600 unatosha: kila mita ya mraba hula takriban ml 100 hadi 150 kwa mkono mmoja wa rangi iliyokwisha changanywa.

Nozeli

Karatasi ya maelezo ya rangi unayotumia ndiyo yenye neno la mwisho, na karibu zote hutaja ukubwa wa nozeli. Isipokuwepo, fuata hivi:

- Beskoti, ile rangi isiyong'aa inayosubiri klia: mm 1.2 hadi 1.4
- Klia: mm 1.3 au 1.4
- Praima (rangi ya kwanza ya chini) ya epoksi: mm 1.4 hadi 1.6
- Praima nzito ya kujaza mikwaruzo: mm 1.6 hadi 2.0
- Bunduki ndogo, kwa vipande vidogo na viraka: mm 0.8 hadi 1.2

Ukinunua bunduki moja tu ya rangi na klia, chukua 1.3. Praima ipatie bunduki yake, hata ya bei ya chini, yenye 1.7 au 1.8. Sababu si ukubwa wa tundu peke yake. Praima huacha unga kwenye pembe za njia ya rangi, na unga huo hung'oka siku ya klia na kukaa juu yake kama mchanga. Tena praima utaipiga msasa hata hivyo, kwa hiyo usilipie ulaini utakaoukwangua.

Nozeli, sindano inayoifungua na kuifunga, na kofia ya hewa hununuliwa kama seti moja. Ukibadili nozeli ukaacha sindano ya zamani, bunduki itavuja au kubana rangi.

Cha kukagua mkononi

Fungua kofia ya hewa uiangalie kwenye mwanga. Matundu ya pembe mbili yawe sawa, ya duara, bila vipele vya chuma. Ncha ya sindano iwe imenyooka. Izungushe juu ya kioo, ikipepesuka irudishe. Ikiwa utapulizia rangi ya maji, nozeli na sindano ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Vuta triga polepole. Lazima usikie hatua mbili: kwanza hewa peke yake, kisha sindano inarudi nyuma. Bunduki inayotoa rangi sambamba na hewa itatema tone kila unapoanza mkono mpya. Zungusha vitasa vyote vitatu, cha upana wa mpulizo, cha rangi na cha hewa. Viende kwa ulaini, bila kuchezacheza. Hakikisha kifuniko cha kikombe kina tundu la kupumulia, kwa sababu rangi haishuki bila hewa kuingia nyuma yake.

Uliza kama seti ya nozeli na mipira ya kuzibia inapatikana peke yake. Bunduki ya bei nafuu yenye vipuri ni bora kuliko ya kifahari isiyo navyo. Ukifika nyumbani, tia thina ml 100, itundike dakika 10 bila kuvuta triga, uone kama inadondosha mdomoni. Ipitishe thina hiyo kwenye bunduki kabla ya kazi ya kwanza, maana bunduki mpya huja na mafuta ya kiwandani ndani.

Kuifunga na kuijaribu

Chuja rangi kwa kichujio cha karatasi cha mikroni 125 hadi 190. Bandika karatasi kubwa ukutani, kisha:

1. Fungua kitasa cha upana na cha rangi mpaka mwisho. Vuta triga na uweke presha aliyotaja mtengenezaji.
2. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye karatasi, ivute triga mara moja fupi. Alama iwe ndefu, yenye matone madogo yaliyolingana juu, katikati na chini.
3. Matone yakiwa makubwa, ongeza presha bari 0.2 kila mara, au punguza rangi nusu mzunguko. Rangi ikiwa nzito kupita kiasi, presha haitakuokoa: rudi kwenye kipimo cha thina.
4. Kwa kipande chembamba, punguza upana kwanza, kisha punguza rangi pia. Ukiacha rangi ileile kwenye mpulizo mwembamba, itachuruzika.

Kwenye kipande, kila mkono ufunike nusu hadi robo tatu ya ule uliotangulia. Anza kusogeza mkono kabla ya kuvuta triga na uachie ukishapita ukingo. Kifundo cha mkono kikipinda, katikati itanenepa na kingo zitakauka.

Mpulizo ukiharibika

Alama ikiwa nzito upande mmoja au imepinda kama mwezi mchanga, zungusha kofia ya hewa nusu duara na ujaribu tena. Kasoro ikihama pamoja na kofia, kofia ni chafu. Ikibaki palepale, uchafu uko kwenye nozeli au sindano. Jaribio hili la sekunde 10 huokoa saa nzima ya kufungua kisichohusika.

Alama iliyobanwa katikati kama namba 8 inasema hewa ni nyingi kuliko rangi: punguza presha au ongeza rangi. Iliyonenepa katikati inasema kinyume chake. Mpulizo unaokatikakatika hutokana na nozeli iliyolegea, mpira wa kuzibia sindano uliokauka, tundu la kifuniko lililoziba, au rangi inayokaribia kuisha. Anza na nozeli, ndiyo mkosaji wa mara nyingi.

Uso wenye vijishimo unatokana na presha ndogo, rangi nzito au umbali mkubwa. Uso mkavu wa chengachenga unatokana na umbali, presha iliyozidi, au thina inayokauka haraka mno kwa joto la siku hiyo. Michirizi ni mkono uliochelewa au bunduki iliyosogea karibu mno.

Pumzi yako

Hadina ya klia na rangi za sehemu mbili ina isosayaneti, kemikali inayoweza kuanzisha pumu ya kudumu, na ambayo mtu huweza kuivuta bila kusikia harufu yoyote. Kitambaa na barakoa ya vumbi havifanyi chochote. Kinga inayotegemewa ni barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi, pamoja na glavu za nitraili, miwani na ovaroli. Barakoa ya vichujio vya A2P3 inafaa kwa rangi zisizo na hadina, ikikaa usoni bila mwanya na vichujio vikiwa vipya. Kama huna hewa ya kuletewa, pulizia praima na beskoti zisizo na hadina nyumbani, kisha klia ya sehemu mbili mpelekee fundi mwenye chumba cha rangi. Kompresa, tabo, jiko na chochote kinachotoa cheche viwe nje ya mvuke.

Kuosha

Osha papo hapo kazi inapoisha, maana klia yenye hadina inaganda ndani ya saa chache. Mwaga mabaki, tia thina kidogo, pulizia mpaka itoke safi, rudia. Kisha fungua kwa mpangilio huu: kitasa cha rangi na sindano kwanza, kofia ya hewa, nozeli mwisho. Ukitoa nozeli sindano ikiwa ndani, zitakwaruzana. Kurudisha ni kinyume: nozeli, kofia, sindano.

Sugua kwa brashi laini. Matundu ya kofia yachokonoe kwa kijiti cha mbao au sindano ya plastiki, kamwe si waya, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu mpulizo unapinda moja kwa moja. Usiloweke bunduki nzima kwenye thina: mipira ya kuzibia inavimba, na uchafu unaingia kwenye njia za hewa ambako brashi haifiki. Na usitie ndani yake dawa ya kung'olea rangi yenye klorini, kwani humenyuka na alumini ya bunduki na huweza kulipuka ikiwa ndani ya presha. Paka tone la grisi isiyo na silikoni kwenye nyuzi za skrubu na kwenye shina la sindano, rudisha kikombe kikiwa kikavu, uitundike kifuniko kikiwa wazi.